Chawa ni nani hasa?

Jumapili mchana nyumbani kwa wazazi wangu, hapa Missouri City, ratiba haibadiliki. Mama yuko jikoni na pilau, wadogo zangu wanagombania chaja, na Baba amekaa sebuleni anasikiliza habari za Dar es Salaam kwenye simu, sauti imefunguliwa mpaka mwisho kama vile nyumba nzima imeomba. Jumapili moja ya Novemba 2025 alisikiliza dakika mbili hivi, akazima, akaitupa simu kwenye kochi.

"Machawa watupu," akasema.

Kwa wale ambao Kiswahili chenu kinaishia kwenye "shikamoo" na majina ya vyakula (tunawapenda, msijali): chawa ni yule mdudu wa kichwani. Siku hizi Tanzania ni jina la mtu anayeishi kwa kumsifu mkubwa. Anaganda kichwani kwake, anakula hapo hapo, na kazi yake ni kupiga makofi. Baba hakuwa anawasema wasanii wala makada wa chama. Alikuwa anawasema waandishi wa habari.

Mimi nilikubaliana naye kabisa. Wiki ile ile tulirekodi kipindi cha podikasti juu ya jambo hilo. Tulikaa mbele ya maiki saa nzima tukawachambua waandishi wa nyumbani: waoga, hawaulizi, wanasoma taarifa ya serikali kama ilivyo halafu wanaiita habari. Tulichangamka kweli. Wasikilizaji wakatupongeza.

Halafu ukaja ujumbe mmoja wa sauti kutoka kwa msikilizaji wa Irving, kule upande wa Dallas. Sekunde arobaini tu. Nitawaambia alisema nini, lakini kwanza nataka mwelewe kwa nini Baba ana hasira, na kwa nini mimi niliiazima hasira yake kirahisi vile.

Meno ya zamani

Baba aliondoka Dar mwaka 1994, mimi nikazaliwa Houston mwaka uliofuata. Kwa hiyo Tanzania aliyoibeba kwenye sanduku ni ya miaka ile ya mwanzo wa vyama vingi. Alikulia kwenye nchi yenye Uhuru la chama, Daily News la serikali, na Radio Tanzania. Basi. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa, magazeti binafsi yakafumuka, na Baba anasema ilikuwa kama mtu amefungua dirisha kwenye chumba chenye moshi.

Jina analolitaja kila mara ni Stan Katabalo. Mwaka 1993, kwenye gazeti la Mfanyakazi, Katabalo aliandika juu ya kitalu cha uwindaji cha Loliondo na jinsi kilivyoishia mikononi mwa ofisa wa jeshi kutoka Falme za Kiarabu. Aliwataja wakubwa na kueleza mambo yalivyopita. Alifariki mwaka huo huo, na maneno juu ya kifo chake hayajaisha hadi leo. Baba anasema gazeti moja lilikuwa linasomwa na watu kumi kwenye daladala, na wa nyuma anamwambia wa mbele, "Usifunue kwanza, sijamaliza."

Kwa hiyo Baba akisikiliza habari za sasa anapima kwa kipimo cha Katabalo. Na kwa kipimo hicho, ni kweli, wengi wanapungua.

Ila Baba hakuwepo kwa yaliyofuata. Mimi pia sikuwepo, lakini kazi yangu ya mchana ni kusoma makaratasi, kwa hiyo nilikaa nikayapanga kwa miaka.

Januari 2008, Saed Kubenea wa MwanaHALISI alivamiwa ofisini akamwagiwa tindikali usoni. Septemba 2, 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kijijini Nyololo, Iringa, akiwa kazini, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu sana na mwili wake huku amezungukwa na polisi. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016. Novemba 21, 2017, Azory Gwanda, aliyekuwa anaiandikia Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti, aliondoka nyumbani na watu wasiojulikana. Hajarudi. Mwaka 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati ule, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC maneno yaliyosikika kama kwamba Azory ameshakufa, halafu baadaye akasema hakueleweka vizuri. Mke wa Azory amebaki na nini hapo? Si jibu, si kaburi.

Zikaja na sheria. Ya makosa ya mtandao mwaka 2015, ya huduma za habari mwaka 2016, na kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, ambazo zilimtaka hata mwenye blogu awe na leseni. Ukijumlisha ada zote ilikuwa zaidi ya shilingi milioni 2. Yaani blogu hii unayoisoma ukiwa kwenye foleni ya Highway 6, kama tungekuwa Tegeta, tungeanza kwa kulipa hizo kabla hatujaandika neno moja. Maxence Melo wa JamiiForums alikuwa mahakamani kwa miaka, na kosa lake kubwa lilikuwa kukataa kuwataja watu walioandika kwenye jukwaa lake.

Rais yuko wapi?

Mfano unaonisumbua kuliko yote hauna damu. Machi 2021, Rais Magufuli hakuonekana hadharani tangu Februari 27. Swali la kila mtu lilikuwa jepesi kuliko maswali yote ya uandishi: yuko wapi? Mtoto wa darasa la pili angeliuliza. Machi 10 gazeti la Nation la Kenya likaandika kwamba kuna kiongozi wa Afrika anatibiwa hospitali Nairobi, bila kutaja jina. Machi 12 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa msikitini Njombe, akawaambia watu Rais ni mzima na anachapa kazi. Polisi wakawakamata watu waliosema vingine mitandaoni. Machi 17 Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akatangaza kifo.

Siku kumi na nane. Nchi nzima ilikuwa inajua kuna kitu, na nchi nzima ilikuwa inanong'ona. Mimi nilikuwa napata habari kwa kundi la WhatsApp la familia, ambalo kwa kawaida ni salamu za "Ijumaa Kareem" na picha za maua. Nilimuuliza shangazi yangu mbona magazeti hayaulizi. Akanijibu, "Mwanangu, na wewe usiulize humu."

Mwaka uliofuata hali ililegea kidogo. Februari 2022 magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa, Mawio, MwanaHALISI, Mseto na Tanzania Daima, yalirudishiwa leseni. Hata Baba alitabasamu. Lakini Oktoba 2024 The Citizen liliweka mtandaoni katuni ya vidio: mwanamke anabadilisha chaneli za televisheni, na kila chaneli ina mtu anayelia ndugu yake aliyepotea au kuuawa. Leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zikasimamishwa siku 30. Mei 2025 mtandao wa X ukazimwa nchini. Septemba, JamiiForums siku 90. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ikakatwa.

Mshindi alitangazwa kwa karibu asilimia 98. Tundu Lissu alikuwa gerezani kwa shtaka la uhaini, chama chake nje ya uchaguzi. Watu waliouawa siku zile ni wangapi, bado ni ugomvi kati ya serikali, upinzani na mashirika ya haki za binadamu. Picha zilipoanza kutoka, waliozichambua mtaa kwa mtaa ni vyombo vya nje kama CNN na BBC. Habari kubwa kuliko zote za nchi, ikasimuliwa kwa undani na watu wasioweza kufungiwa leseni.

Jumapili ile nilimsomea Baba orodha hii yote. Nikamuuliza, "Sasa wewe ungekuwa mhariri Dar asubuhi ya Oktoba 30, ungeandika nini ukurasa wa mbele?"

Akafikiri. "Ningeandika hali ya hewa."

Tukacheka. Halafu hatukucheka.

Mama anaingilia

Mama ni wa Mombasa, na hawezi kuacha mjadala upite bila Kenya kusifiwa. "Kwetu watu wanasema," akatuambia kutoka jikoni. "Rais anatukanwa asubuhi redioni, mchana yuko Mahakama ya Juu anashindwa, jioni anachorwa katuni."

Ni kweli, kwa kiasi chake. Lakini Machi 2, 2006 polisi waliofunika nyuso walivamia Standard, wakachoma magazeti na kuizima KTN, na waziri wa usalama, John Michuki, akasema ukimchokoza nyoka utegemee kuumwa. Januari 30, 2018, Raila Odinga alipojiapisha, Citizen, NTV na KTN zilizimwa, na Citizen ilikaa zaidi ya wiki bila kurudi ingawa Mahakama Kuu ilishaagiza. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, amri ilitoka ya kuacha kurusha moja kwa moja, na waliokaidi wakazimwa mpaka mahakama ilipoingilia.

Na Kenya ina njia nyingine isiyohitaji polisi. Mwanzoni mwa 2016 Denis Galava aliandika tahariri ya mwaka mpya kwenye Saturday Nation, akimwambia Rais Uhuru Kenyatta wazi kwamba nchi inakwenda kombo. Kabla Januari haijaisha hakuwa na kazi. Miezi ile ile Gado, mchoraji aliyekuwa sura ya gazeti hilo kwa miaka mingi, hakuongezewa mkataba. Serikali ni mteja mkubwa wa matangazo, na mwenye gazeti anajua kuhesabu.

Hapa kuna kitu kidogo nilikiona. Gado ni mtoto wa Dar. Mwanzoni mwa 2015 katuni yake ya Rais Jakaya Kikwete ilitoka kwenye The EastAfrican, linalochapwa Nairobi, na gazeti likapigwa marufuku Tanzania. Yule kiongozi wa Afrika aliyelazwa naye aliandikwa kwanza Nairobi. Kiongozi wa jirani unamuuma kwa meno yote. Wa kwako unamng'ata na kumpuliza.

Kishikilie hicho, tutakirudia.

Na hapa Texas, ambako hakuna anayekuja usiku

Sisi tunaishi chini ya Marekebisho ya Kwanza ya Katiba. Tangu kesi ya New York Times na Sullivan ya mwaka 1964, kiongozi hapa hawezi kushinda kesi ya kashfa kwa sababu tu umekosea. Lazima aonyeshe ulijua ni uongo au hukujali kama ni uongo. Tuna sheria ya jimbo inayompa mtu yeyote haki ya kuomba nyaraka za serikali; taasisi ikitaka kuzificha, ina siku 10 za kazi kumwomba ruhusa Mwanasheria Mkuu wa Texas. Linganisha: Tanzania ina sheria ya kupata taarifa ya 2016, siku 30, na ni kwa raia tu. Mimi mwenye pasi ya Marekani siwezi hata kuitumia. Na ninyi wenzangu wengi pia.

Kwa hiyo hapa hatuna kisingizio, sivyo? Ngoja.

Mwaka 2017 mwanamke wa Laredo, Priscilla Villarreal, anayerusha habari za mji wake kwenye Facebook, alimuuliza polisi jina la mtu aliyejiua na jina la familia iliyopata ajali ya gari. Akakamatwa kwa kuuliza. Mashtaka yalifutwa, lakini alipodai haki yake mahakamani alihangaika miaka, na mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawalinda waliomkamata. Kwa kuuliza swali, hapa hapa Texas.

Au Uvalde. Mei 24, 2022, watoto 19 na walimu wawili. Kesho yake Gavana Abbott aliwasifu polisi kwa ushujaa. Siku mbili baadaye akasema alidanganywa. Tulikuja kujua kwamba walisubiri dakika 77. Tulijua kwa sababu wazazi walipiga kelele, waandishi walikaa juu ya nyaraka na kwenda mahakamani kuzidai, na mwezi wa Julai gazeti la Austin American-Statesman na kituo cha KVUE wakaiweka hadharani vidio ya korido ya shule. Hakuna mtangazaji aliyefoka hapo. Watu walikataa tu kwenda nyumbani na maelezo ya kwanza.

Lakini kukataa huko kunahitaji watu, na watu wanapungua. Dallas Times Herald lilikufa 1991. Houston Post lilikufa Aprili 1995, mwaka niliozaliwa. Baba anakumbuka alishangaa kwamba Marekani nako magazeti yanafungwa, tena bila askari. Houston Landing lilianza 2023 kwa fedha za wafadhili na matumaini makubwa, likafunga Mei 2025. Mwaka huo huo Hearst, wenye Houston Chronicle, wakalinunua na Dallas Morning News. Missouri City ina watu zaidi ya 74,000 kwa sensa ya 2020, na kaunti yetu ya Fort Bend zaidi ya 820,000. Jioni moja nilikwenda kwenye kikao cha baraza la mji, pale Texas Parkway, nikakaa mpaka mwisho. Walijadili mamilioni ya dola. Nilitafuta kwa macho mtu mwenye daftari. Nilikuwa mimi, na daftari langu lilikuwa na orodha ya vitu vya kununua.

Fort Bend imetupa somo lake pia. KP George, aliyekuwa mkuu wa kaunti yetu wakati huo, mzaliwa wa India, na Taral Patel, aliyewahi kuwa mkuu wa ofisi yake, walionyesha hadharani maneno ya kibaguzi waliyotupiwa mtandaoni. Yaliandikwa, yakasambazwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosambaza, maana yanafanana kabisa na yale tunayotupiwa sisi. Mwaka 2024 Patel akakamatwa, halafu George akashtakiwa, kwamba baadhi ya maneno yale yaliandikwa na upande wao wenyewe kwa akaunti feki. George alikana. Patel baadaye alikiri makosa. Aliyeomba uchunguzi alikuwa Andy Meyers, kamishna aliyekuwa anagombania kiti na Patel. Si mwandishi. Si mimi. Mpinzani wake ndiye aliyekuwa na sababu ya kuuliza akaunti hii ni ya nani.

Swali hilo ningeweza kuliuliza mimi pia. Sikuuliza kwa sababu habari ilinigusa, na kwa sababu aliyeisema alikuwa mtu wa upande wangu.

Sekunde arobaini kutoka Irving

Sasa ule ujumbe. Dada wa Irving alianza kwa salamu, akasifu kipindi, halafu akasema hivi, kwa Kiswahili chake kizuri cha kujifunzia kwa bibi:

"Mmewasema waandishi wa Dar vizuri. Mimi nauliza tu, yule mgombea mliyemleta mwaka jana, mlimuuliza nini?"

Nilijua jibu. Tulimuuliza amekula nyama choma au bado. Tulimuuliza ana ujumbe gani kwa vijana wenye asili ya Afrika. Tulimuuliza nani shujaa wake.

Simtaji jina wala kiti alichogombea, kwa sababu makosa ninayoyasimulia ni yangu. Nilikuwa nimejiandaa. Ripoti za michango ya kampeni hapa ni za wazi, mtu yeyote anazisoma, na nilikuwa nimechapa ya kwake, kurasa kadhaa, nimepiga mstari wa njano kwenye jina moja ambalo nililiona pia kwenye makaratasi ya zabuni. Inawezekana kabisa kulikuwa na maelezo safi. Swali langu lilikuwa hilo tu: unaweza kutueleza?

Karatasi ilikaa chini ya kikombe cha chai muda wote wa mahojiano.

Kwa nini? Hakuna aliyenitisha. Hakuna leseni yangu ya kufungiwa. Kilichotokea ni kwamba mgombea huyu alikuwa amelipia hema na nyama kwenye mkusanyiko wa jumuiya yetu wakati wa kiangazi. Mzee mmoja ninayemheshimu alinipigia asubuhi ile: "Mwanangu, ni mgeni wetu. Usituaibishe." Msaidizi wake akaandika kwamba wanategemea mazungumzo mazuri. Na mimi nilifurahi kwamba mtu mwenye suti na msafara amekubali kuja kwenye studio yetu, ambayo ni chumba cha kufulia chenye mablanketi ukutani.

Wenzetu Dar wana neno bahasha, ile hela ya "nauli" anayopewa mwandishi baada ya mkutano ili kalamu iwe laini. Tumelicheka neno hilo hewani mara nyingi. Yangu haikuwa bahasha. Ilikuwa sahani ya nyama na heshima ya kuitwa kwa jina.

Nyani haoni kundule.

Sauti tuliyoikata

Kuna na jambo la pili ambalo sikulisema kwenye kipindi. Intaneti ya Tanzania iliporudi, siku chache baada ya uchaguzi, shangazi yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Alieleza alichokisikia mtaani kwake usiku ule, alichokiona asubuhi, nani hakurudi. Alikuwa mtulivu, anataja saa, anatenganisha alichokiona na alichoambiwa. Ulikuwa uandishi wa habari bora kuliko wote niliowahi kuusikia kwenye simu yangu.

Nusu saa baadaye ujumbe ukafutwa. Akapiga. "Umesikiliza?" Nikamwambia ndiyo. "Basi ibaki masikioni. Usiiweke hewani, hata ukibadilisha sauti. Watanijua kwa maneno yangu."

Nilimtii, na ningemtii tena. Lakini siku nne baadaye nilikaa mbele ya maiki nikasema, kwa mdomo wangu, kwamba tatizo la Watanzania ni kwamba hawasemi. Shangazi anatusikiliza. Hakuniandikia chochote. Kwa mtu anayejibu kila kitu kwa emoji saba, kimya kile nilikisikia vizuri.

Kwa hiyo, wanakosoa vya kutosha?

Hapana. Dar hapana, Nairobi si kila mara, Fort Bend hapana. Lakini neno moja "waoga" linafunika magonjwa matatu tofauti, na dawa zake si moja.

La kwanza ni hofu. Hapo mwandishi anajua swali na anajua bei yake: leseni, jela, au gari linalokuja nyumbani. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuitwa chawa na mtu aliyeko umbali wa bahari mbili. Anahitaji sheria zibadilike, na anahitaji sisi tulio nje tubebe yale asiyoweza kuyabeba, kwa uangalifu, bila kumchoma.

La pili ni njaa. Mwenye chombo anategemea tangazo, mwandishi wa mkoani analipwa kwa habari, dawati la mji limebaki na mtu mmoja. Hapo hata jasiri anachoka. Dawa yake ni senti zetu. Nilijiangalia: nalipia huduma nne za sinema, na gazeti la hapa nilikuwa silipii hata moja.

La tatu ni haya. Huyu ni mgeni wetu, ni mtu wetu, alitusaidia, funika kombe mwanaharamu apite. Hili ndilo letu. Halina askari, kwa hiyo halina wa kulaumiwa isipokuwa sisi.

Na sasa lile la Gado. Niligundua kwamba ujasiri wetu wote unategemea umbali. Nairobi inaiuma Dodoma. Sisi wa Missouri City tunaiuma Dodoma na Washington kwa pamoja, kila wiki, bila jasho. Yule aliyeko maili tatu kutoka nyumbani, anayeamua mfereji wa mvua upite wapi na kodi ya nyumba ya Baba iwe kiasi gani, huyo tunampa kiti na maji ya baridi. Kukosoa si kufoka. Ni kuuliza swali la pili baada ya jibu la kwanza, kwa adabu, kwa mtu ambaye utakutana naye tena dukani.

Hivi ndivyo tulivyokubaliana kwenye podikasti, mtushike kwa haya. Mgeni yeyote anayegombea au anayeshika kiti, tutasema hewani kama amewahi kuifadhili shughuli yoyote tunayohusika nayo. Angalau swali moja litatoka kwenye nyaraka, na kutakuwa na swali la pili. Hatutamwita mwoga mtu anayelipa bei ambayo sisi hatulipi. Yule mgombea tumemwalika tena, na tumemwambia mapema swali ni lipi. Mpaka naandika hajajibu.

Jumapili iliyopita niliandika ombi langu la kwanza la nyaraka kwa sheria ile ya Texas. Mistari mitatu, kwa barua pepe, juu ya ile zabuni. Kabla sijatuma nilimwonyesha Baba. Akavaa miwani, akasoma polepole, akarudia.

"Hawatakufanya kitu?"

"Hapana, Baba. Labda hawatanialika nyama choma."

Akanirudishia simu. "Hapo mwisho ongeza na tarehe. Ukimwacha achague miaka, atakupa ile isiyo na kitu."

Nikaongeza tarehe, nikatuma. Halafu nikampigia shangazi kumwomba radhi. Alinisamehe haraka, kama kawaida yao, akataka kujua Mama anaweka nini kwenye pilau siku hizi.

Nanyi je? Ni kiongozi gani wa karibu yenu ambaye hamjawahi kumuuliza swali, na ni nani aliwaambia msimuaibishe? Tutumieni ujumbe wa sauti. Kama ni kutuuliza sisi, afadhali zaidi. Dada wa Irving, asante. Kiti chako kipo, ukija Houston tutahamisha mashine ya kufulia.